Maseneta 15 wanatosha kujadili, hawatoshi kuamua

Kura imeahirishwa tena. Mswada umejadiliwa alasiri nzima, mwenye mswada ameinuka kujibu na kuwashukuru waliochangia, na sasa Spika alipaswa kuwauliza maseneta kama wanaukubali au wanaukataa. Badala yake mwenye mswada mwenyewe anaomba wasiulizwe leo. Kanuni za Kudumu zinamruhusu. Anayeongoza kikao anakubali, karani anasoma shughuli inayofuata, na mswada unarudi kwenye foleni kusubiri siku ambayo watu watatimia.

Anayeifuatilia Seneti ya Kenya ameliona hili mara nyingi kiasi kwamba halimshtui tena. Linapaswa kumshtua.

Tuchukue Jumatano, kwa kuwa ndiyo siku ndefu kuliko zote: kikao cha saa tatu unusu asubuhi, ambako mawaziri huja kujibu maswali, na kingine saa nane unusu alasiri. Jumanne na Alhamisi ni alasiri peke yake. Siwa, rungu la mamlaka ya Bunge, inaingia, Spika anafuata, dua inasomwa. Akidi, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni maseneta 15. Wasipofika, kengele inapigwa dakika kumi ili walio kwenye korido na ofisini waingie. Baada ya hapo ni kiapo kama kuna seneta mpya, mawasiliano ya Spika, ujumbe kutoka Bunge la Taifa, maombi ya wananchi, hati za kuwekwa mezani, taarifa za hoja, kisha maswali na taarifa za maseneta. Saa hizi za mwanzo ukumbi una uhai. Ombi moja la wananchi linaweza kuzungumziwa hadi nusu saa kabla ya kupelekwa kwenye kamati husika, ambayo ina siku 60 kulijibu. Taarifa kuhusu barabara, hospitali au mishahara ya wafanyakazi wa kaunti huwainua wengi, kwa sababu kila mmoja anataka watu wa kwao wamsikie. Sina ubaya na hilo. Ni kazi yao.

Lakini miswada iko chini ya orodha. Ikifika zamu yake, jioni imeingia, na waliobaki ukumbini ni wachache.

Hapo ndipo hesabu ya Katiba inapouma. Ibara ya 123 inasema jambo linalohusu kaunti halipigiwi kura na seneta mmoja mmoja. Kila ujumbe wa kaunti, yaani maseneta wote wa kaunti hiyo kwa pamoja, una kura moja, inayopigwa na kiongozi wa ujumbe, yaani seneta aliyechaguliwa. Na jambo halipiti kwa wingi wa waliopo. Linapita likiungwa mkono na wengi wa jumbe zote. Kaunti ni 47, kwa hiyo zinahitajika jumbe 24. Waliopo wakiwa 23 na wote 23 wakasema ndiyo, mswada umeanguka. Asiyekuwepo amepiga kura ya hapana bila kufungua mdomo, bila jina lake kuandikwa upande wa wanaopinga, na bila kumweleza mtu yeyote sababu.

Kwa hiyo maseneta 15 wanaruhusiwa kujadili hadi saa kumi na mbili unusu jioni, lakini hawana uwezo wa kuamua. Na kati ya hao 15 wanaweza kuwemo wateule kadhaa, yaani maseneta wasiochaguliwa na wapiga kura, hivyo jumbe zenye uwezo wa kupiga kura zikawa pungufu zaidi ya hapo. Miswada ya kaunti inakwama katika pengo hilo la kutoka akidi hadi 24.

Katiba iliweka mlango wa dharura. Kiongozi wa ujumbe asipokuwepo, anaweza kumteua mjumbe mwingine wa ujumbe wake ampigie kura. Tatizo ni kwamba mjumbe mwingine huyo mara nyingi hayupo kabisa. Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa: wanawake 16, vijana wawili, watu wenye ulemavu wawili. Mteule huhesabiwa katika ujumbe wa kaunti alikojiandikisha kuwa mpiga kura. Hata kama wote 20 wangetawanyika kila mmoja kaunti yake, kaunti 27 zingebaki na seneta mmoja tu, na wasipotawanyika hivyo zinaongezeka. Seneta wa kaunti kama hiyo akipanda ndege saa tisa, kaunti nzima haina kura jioni hiyo. Hana wa kumwachia.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuahirisha kura kunaokoa miswada. Kura ikipigwa na watu 19 ukumbini, kazi ya miezi, pamoja na maoni ya wananchi yaliyokusanywa na kamati, inatupwa siku hiyo hiyo. Nakubali pia kwamba kizingiti cha 24 hakikuwekwa kwa bahati mbaya. Pamoja na kura moja kwa kila kaunti, ndicho kinachoifanya Lamu iwe na uzito sawa na Nairobi, na atakayependekeza kishushwe atakuwa anazipokonya kaunti ndogo ngao yake. Lililoharibika si kizingiti. Kinga ya dharura imegeuzwa kuwa desturi ya kila wiki.

Na desturi hiyo haigharimu kura moja. Mswada unaohusu kaunti unahitaji jumbe 24 baada ya Kusomwa kwa Mara ya Pili. Unazihitaji tena kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani maseneta wote wakiketi kama kamati, pale vifungu na marekebisho yanapoamuliwa, na mara nyingine Kusomwa kwa Mara ya Tatu. Kamati ikikosa idadi, anainuka mtu kuomba iripoti hatua iliyofikia na ipewe ruhusa ya kuketi tena. Kila kituo kina uwezekano wake wa kuahirishwa, na mswada uliokwama mara tatu kwa majuma kadhaa kila mara umekula sehemu kubwa ya mwaka kabla haujavuka kwenda Bunge la Taifa, ambako utaanza foleni nyingine. Bunge likimaliza muda wake, miswada ambayo haijakamilika inakufa nayo. Uchaguzi ni Agosti 2027. Miswada inayosukumwa mbele leo inasogezwa karibu na kaburi hilo.

Tunajua pia thamani ya kura moja ya ujumbe. Mwaka 2020, mvutano kuhusu kigezo cha kugawa mapato ulipozifanya kaunti zikose fedha miezi miwili na zaidi baada ya mwaka wa fedha kuanza, maseneta watatu, wa Kakamega, Samburu na Bomet, walikamatwa na polisi siku moja, tarehe 17 Agosti. Kule angalau walikuwa wanabishana juu ya fedha, na mjadala wenyewe ulikuwa mgumu. Kura za siku hizi hazikwami kwa ubishi. Zinakwama kwa viti vitupu.

Tusiambiwe haiwezekani kuwapata. Oktoba 2024, katika kesi ya kumwondoa Rigathi Gachagua kwenye unaibu rais, Seneti iliketi siku mbili mfululizo hadi usiku, ikapigia kura mashtaka 11 moja baada ya jingine na kumpata na hatia katika matano. Ile kura ilikuwa ya seneta mmoja mmoja na ilihitaji theluthi mbili ya wote, na theluthi mbili ilipatikana. Viranja, wanaosimamia nidhamu na mahudhurio ya wanachama wa vyama vyao, walijua kila mtu yuko wapi. Mswada wa afya ya kaunti unastahili bidii hiyo hiyo.

Katiba inasema mbunge akikosa vikao vinane katika kipindi kimoja cha Bunge bila ruhusa ya maandishi ya Spika, na asiwe na sababu ya kuridhisha, anapoteza kiti. Kifungu hicho kinamhesabu aliyekosa kikao. Hakimgusi aliyeonekana saa nane unusu na akaondoka kabla ya kura.

Dawa ipo na haihitaji kurekebisha Katiba. Kamati ya Shughuli za Seneti ipange kura zote za wiki saa moja inayojulikana, Jumatano alasiri, mara tu baada ya taarifa za hoja na kabla ya taarifa za maseneta kuanza. Anayetaka kuzungumzia barabara ya kwao apige kura kwanza. Ziara za kamati na safari za nje zisiidhinishwe kuingilia saa hiyo. Viongozi wa ujumbe wenye mteule katika kaunti yao wamwandikie barua ya kumruhusu kupiga kura kabla ya kusafiri, na barua hizo ziwe kwa karani asubuhi. Na kila Spika anapoahirisha kura kwa kukosa idadi, asome majina ya kaunti ambazo hazina mtu ukumbini. Inachukua dakika mbili.

Mpaka hayo yafanyike, ukaguzi huu unaweza kufanywa na mwananchi yeyote. Ratiba ya shughuli huchapishwa kabla ya kikao, na mswada unaosubiri kura huwekewa alama ya kuonyesha hivyo. Linganisha ratiba za wiki tatu mfululizo utaona mswada uliosimama. Kura ikipigwa, kengele hulia, milango hufungwa, wahesabu kura huteuliwa, na viongozi wa ujumbe huitwa mmoja mmoja kwa jina. Majina hayo na kaunti zao huingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala, ambayo huandikwa katika lugha aliyozungumza seneta, Kiswahili kikabaki Kiswahili. Yahesabu, kisha yatoe kwenye 47. Kaunti zitakazobaki ndizo ambazo hazikuwa na kura siku hiyo, na maseneta wao wana ofisi katika kaunti hizo hizo ambako wanaweza kuulizwa walikuwa wapi.