Gari la "bure" lilivyoniletea barua

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema gari lako likigongwa hapa Uingereza unapewa gari la kukodi bure. Si bure jamani, ni mkopo: kodi ya gari ni deni lako hadi bima ya aliyekugonga ilipe! Mimi niligongwa kwa nyuma, kesho yake nikaletewa gari mlangoni, nikatia saini bila kusoma (nani husoma kurasa zote zile?). Bima ya aliyenigonga ikagoma kulipa, eti bei ya siku imezidi, na mkataba una jina langu. Tangu uamuzi wa mahakama katika kesi ya Lagden dhidi ya O'Connor, 2003, asiye na uwezo wa kukodi kwa taslimu anaweza kudai gharama yote. Mwenye uwezo hupata bei ya kawaida ya soko tu. Basi watu wa bima wakataka taarifa zangu za benki, waone kama nina uwezo. Hata hela niliyomtumia mama Tanga ilihojiwa.