Tangi la kemikali na swali moja: pengo ni kavu?

Mwenye kiwanda anayehifadhi viyeyushi chini ya ardhi huko Marekani ana lalamiko lisilofaa kupuuzwa. Jirani yake mwenye kituo cha mafuta, ikiwa matangi yake ni ya zamani, anaweza kuchagua namna ya kugundua uvujaji: kipimo cha kielektroniki ndani ya tangi, hesabu za mafuta yaliyoingia na kutoka, au visima vya kuchunguza mvuke na maji ya ardhini. Yeye wa kemikali amewekewa njia moja. Tangi liwe na ukuta wa pili, na pengo lililo kati ya kuta likaguliwe angalau kila siku 30. Mabomba nayo vivyo hivyo. Ndivyo zilivyotaka kanuni za 1988 za EPA, wakala wa mazingira wa Marekani. Kulikuwa na mlango wa kuomba njia mbadala, lakini marekebisho ya 2015 yaliufunga kwa matangi mapya.

Kwa nini aonewe yeye?

Jibu limo katika tarakimu ambayo wanaodai uhuru wa kuchagua huipita mbio: galoni 0.2 kwa saa. Hicho ndicho kiwango cha uvujaji ambacho vipimo vya kila mwezi vya tangi la petroli hutakiwa kukinasa, kwa uhakika wa asilimia 95, huku kengele za uongo zisizidi asilimia 5. Ni kama robo tatu ya lita, kitu cha kujaza chupa. Lakini tangi halilali. Kwa siku 30 zinatimia galoni 144, zaidi ya lita 540. Tusiipotoshe sheria: haimruhusu mtu kuvujisha kiasi hicho. Ila kipimo hakilazimiki kuona kilicho chini ya hapo, na hata uvujaji ukifika galoni 0.2 kamili, kipimo kimoja katika 20 chaweza kusema tangi ni zima.

Sasa weka trikloroetilini, kiyeyushi cha kusafishia vyuma, mahali pa petroli. Kikomo chake katika maji ya kunywa Marekani ni mikrogramu 5 kwa lita. Lita moja ya kiyeyushi hicho ina uzito wa karibu kilo 1.46, ikichanganywa sawasawa, yatosha kufikisha kwenye kikomo hicho takriban lita milioni 290 za maji. Nilirudia hesabu hii nikidhani nimeongeza sifuri. Isitoshe, petroli huelea juu ya maji ya ardhini, ambako kisima cha uchunguzi kinaweza kuikuta. Trikloroetilini ni nzito kuliko maji. Huzama, ikaingia kwenye nyufa za miamba, na kuiondoa humo ni kazi ya miaka.

Ukuta wa pili hauna haja ya kujua kinavuja kiasi gani. Swali lake ni kama pengo ni kavu. Tena kilichotoka ukuta wa ndani bado kimezuiliwa na ule wa nje, kwa hiyo habari humfikia mwenye tangi kabla udongo haujaguswa. Visima vya uchunguzi hutoa habari kemikali ikiwa imeshatoka. Huko San Jose, California, habari ilitoka kisimani: mwishoni mwa 1981 kisima cha maji ya kunywa kilikutwa na kiyeyushi kutoka tangi la kiwanda cha Fairchild Semiconductor. Jimbo lilitunga sheria yake ya matangi mwaka 1983, na Bunge la Marekani likafuata mwaka 1984.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kuta mbili ni ghali, na gharama haiishii siku ya kufukia. Maji ya mvua hupenya kwenye masanduku ya mabomba, sensa, yaani kifaa cha kuhisi majimaji, inalia, fundi anaitwa, anakuta maji matupu. Ikilia mara ya nne, mtu anaivuta juu kidogo ili ikae pakavu, na tangi linarudi kuwa bubu. Mbinu hii wakaguzi wanaijua vizuri. Ndiyo maana sharti la 2015 la kupima vifaa kila mwaka, ambalo wenye matangi huliona usumbufu juu ya usumbufu, naliona ndilo linaloufanya ukuta wa pili uwe na maana. Wengine wamehamishia matangi juu ya ardhi, ambako uvujaji huonekana kwa macho, ingawa hofu ya moto ni sababu mojawapo iliyoyapeleka chini.

Ningewaelewa zaidi walalamikaji kama kemikali zingebanwa kila mahali. Hazikubanwa. Mwenye tangi la petroli hutakiwa na kanuni hizohizo kuonyesha kwamba ana uwezo wa kifedha, kwa bima au njia nyingine, wa kulipia usafishaji na madhara. Mwenye tangi la kemikali hatakiwi. Mfuko wa kusafisha uvujaji wa matangi, unaochangiwa sehemu ya kumi ya senti kwa kila galoni ya mafuta ya magari, nao ni wa petroli. Kwa kanuni hizi, jirani wa tangi la kemikali hana dhamana ya bima. Ana ukuta wa pili na sensa, kama haijavutwa juu.