Zebaki ya Zamani Isiwe Kisingizio

Kila inapotajwa haja ya kupunguza zebaki, hazikosi sauti za kuuliza: itasaidia nini? Karne na zaidi ya kuchoma makaa ya mawe na kuchenjua dhahabu zimeshajaza udongo na matope ya maziwa. Ziba chanzo leo, samaki wataendelea kulishwa na sumu ya jana. Hoja hii nimeichukulia kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Zebaki haiozi. Ikitoka kwenye tanuri kama mvuke, huweza kuelea hewani kwa miezi kadhaa na kuvuka bahari. Miti huivuta kupitia majani, na majani yakipukutika huizika kwenye mboji, ambako salfa iliyomo huing'ang'ania. Nyingine hugeuka mvuke na kuruka upya. Kwa hiyo sehemu ya kile kinachotua ziwani leo ilitoka kwenye mabomba yaliyokwisha bomolewa zamani. Hapo wenye shaka wako sahihi.

Wanapoteleza ni pale wanapohesabu zebaki yote kuwa moja. Iliyo hatari zaidi kwa mla samaki ni methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni na hidrojeni, na hiyo hutengenezwa na vijidudu wa mahali pasipo na oksijeni: wale wanaoishi kwa kutumia salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni), wengine chuma, na hata baadhi ya wale wanaotoa gesi ya methani. Mwaka 2013 watafiti walibainisha jeni mbili, hgcA na hgcB, zinazowapa uwezo huo. Vijidudu hawa hawali kila kinachowekwa mezani. Zebaki iliyokaa muda mrefu topeni, ikafungamana na salfidi (salfa isiyo na oksijeni) au mboji, huwa ngumu kwao kuichukua. Iliyodondoka karibuni ni laini.

Jaribio lililonishawishi lilifanyika kaskazini-magharibi mwa Ontario, Kanada, katika Ziwa 658. Kuanzia mwaka 2001 kwa miaka 7, wanasayansi waliongeza humo na kandokando yake isotopu tatu tofauti za zebaki, yaani aina za zebaki zinazotofautiana kwa uzito wa atomi tu: moja kwenye msitu wa mwinuko, moja kwenye kinamasi, moja kwenye maji yenyewe. Kila moja ilikuwa kama ng'ombe mwenye chapa yake. Ile ya majini ilionekana ndani ya samaki mapema sana. Ya msituni karibu yote ilibaki udongoni. Walipoacha kuongeza, methilizebaki yenye chapa ya majini ilishuka kwa kati ya asilimia 38 na 76 katika samaki wakubwa ndani ya miaka 8. Tena si kwamba samaki mmoja mmoja alijisafisha, maana sumu hii hutoka mwilini polepole mno. Wazee walikufa, na nafasi yao ikachukuliwa na vizazi vilivyokulia kwenye maji yenye nafuu.

Basi wenye shaka wameshindwa? Si kabisa. Ziwa 658 ni dogo. Ziwa linalopokea maji mengi kutoka msituni na vinamasini litaendelea kuletewa zebaki ya kale taratibu, kwa miongo. Pia zebaki ya kale huweza kuamshwa. Bwawa jipya likifunika ardhi, majani na udongo uliozama huoza, oksijeni huisha, vijidudu hustawi, na methilizebaki hupanda bila gramu moja ya zebaki kuongezwa. Mvua yenye salfeti ikinyeshea kinamasi huleta matokeo kama hayo. (Salfeti ikizidi mno mambo hugeuka: salfidi inayozalishwa huifunga zebaki. Kemia hii haina huruma kwa wapenda majibu mafupi.)

Ndiyo maana sikubaliani na desturi ya kupima tope peke yake kisha kutangaza ziwa salama au limeharibika. Maziwa mawili yanaweza kuwa na zebaki sawa topeni na samaki wao wakatofautiana sana, kwa sababu ya asidi ya maji, vinamasi vya jirani, na mwanga wa jua, ambao huivunja methilizebaki karibu na uso wa maji.

Anayetaka kujua kama kuziba chanzo kumezaa matunda, avue samaki wadogo wasiozidi mwaka mmoja. Zebaki iliyo mwilini mwao waliipata msimu huu. Samaki mkubwa bado amebeba ya miaka iliyopita, na kumtumia yeye kama ushahidi kwamba hatua za leo hazifai ni kumshtaki mtu kwa deni la aliyemtangulia.