Kwenye gesi ya baharini mi nauliza kuhusu BOP

Stori ya gesi ya Lindi na Mtwara ikianza kijiweni lazima iishie kwenye hela, mgao asilimia ngapi, ajira, kiwanda cha LNG, yaani cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, kinajengwa lini, na mi sikatai, hayo ni ya msingi kabisa, ila kwa sisi mafundi wa haidroliki kuna swali jingine na linaninyima raha kwamba hakuna anayeliuliza. Lile dude linalokaa kwenye mdomo wa kisima kule chini, nani wa kwetu anayelikagua?

Linaitwa BOP, kwa kirefu blowout preventer, yaani kizuizi cha kisima kisilipuke. Ni vali zimepangwa juu ya vali, mamia ya tani, refu kama ghorofa tano hivi, linashushwa mpaka sakafu ya bahari na kufungwa juu ya kisima. Gesi ikipanda kwa fujo kuna mpira mnene unabana bomba, na ikishindikana kabisa kuna visu vya chuma vinasukumwa na haidroliki toka pande mbili, vinakata bomba na kuziba kisima.

Sasa Zafarani, kile kisima cha gesi kwenye bahari ya Lindi kilichotangazwa 2012, maji yake pale yana kina cha mita 2,500 na ushee. Kila mita 10 za maji ni kama bar 1 ya presha, kwa hiyo unazungumzia bar 250 za maji tu hata hujaigusa gesi yenyewe. Mzamiaji hafiki huko. Sio kama bomba la Songo Songo kuja Somanga ambapo mtu anaweza kushuka akalipapasa kwa mkono, kule ni roboti ndio inashika spana na wewe uko juu melini unaangalia skrini.

Na likigoma tushaona. Deepwater Horizon, ule mtambo wa kuchimba mafuta baharini, Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010, watu 11 walikufa na mafuta yakamwagika siku 87, na pale kina kilikuwa kama mita 1,500 tu. BOP ilikuwepo! Baadae walipoivua na kuifungua wakakuta bomba lilipinda ndani likakaa pembeni, visu havikulipata sawasawa, na kwenye mfumo wa dharura kuna waya zilifungwa kinyume na betri imekufa. Betri jamani.

Hiyo ya betri ndio inaniuma zaidi maana naijua. Niliwahi kupokea mashine ya kunyanyulia makontena, karatasi ya ukaguzi imesainiwa juzi yake tu, kila kiboksi kina tiki. Nikaipandisha presha, haijafika hata nusu mafuta yanachuruzika kwenye fimbo ya silinda, navua sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje, naikuta imekauka imepasuka kama ganda la muhogo. Ile haikuwa ya juzi, ni ya miezi. Aliyetia tiki hakugusa kitu, na chini ya mzigo ule vijana wanapita kutwa.

Kwa hiyo ninachotaka mimi ni hivi, kabla meli yoyote haijarudi kuchimba kina kirefu, wakaguzi wetu wa PURA, mamlaka ya serikali inayosimamia utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, wawe wamefundishwa BOP mpaka waijue kwa mikono, wapande melini, wasiletewe ripoti ofisini, BOP ikiwa bado iko juu ya deki wapime chaji ya betri wenyewe, wavute waya wenyewe, waone visu vikikata bomba la saizi ileile litakaloshushwa. Na kile kifuniko cha dharura, kama kile kilichokuja kuziba Ghuba ya Mexico, kwa Afrika kinatunzwa Saldanha, Afrika Kusini, upande wa Atlantiki, yaani meli izunguke Rasi ya Tumaini Jema ndio ianze kupanda kuja huku, na muda wote huo kisima kinamwaga na wavuvi wa Kilwa na Mafia nyavu ziko majini. Kikae kimoja Mtwara. Bandari ya kina kirefu tunayo, na mafundi wa kukifanyia sevisi tutapatikana.