Komredi, jibu hoja kwanza

Sisi wa mrengo wa kushoto tuna ugonjwa wetu: tukikubaliana kwa tisa, tunachinjana kwa la kumi. Anayesema ubepari wa Kenya una wenyewe hapa nyumbani huitwa kibaraka. Anayesema wanaotutawala ni mabeberu huambiwa amekariri vitabu. Hapo mjadala umekwisha.

Msomi Mwingereza Colin Leys aliandika mwaka 1975 kwamba uchumi wa Kenya umeshikwa na mtaji wa kigeni. Mwaka 1978, baada ya kusoma tafiti za wenzake, akageuka: akasema hadharani kuwa wapo mabepari Waafrika wenye mizizi yao, na kwamba hapo awali aliwapuuza. Mwaka 1980 mchumi Raphael Kaplinsky akamkatalia, akisema mabepari hao bado wanaegemea mtaji wa nje. Ulikuwa mvutano mkali, na mpaka leo wanafunzi wanausoma kwa sababu kila mmoja alijibu alichosema mwenzake. (Hata Barack Obama, baba yake rais wa zamani wa Marekani, aliukosoa kutoka kushoto Waraka Nambari 10 wa 1965, sera ya serikali ya Kenya kuhusu ujamaa wa Kiafrika, uliotoka katika wizara ya Tom Mboya. Waliendelea kuwa marafiki.)

Adabu ninayoitaka si ya kuchekeana. Hoja mbovu ivunjwe, tena bila huruma. Ila kwanza irudiwe vile mwenyewe alivyoisema.

Juzi barazani Mkunguni, hapa Lamu, kijana msomi alikuwa akieleza bandari mpya na mtaji wa kimataifa. Mzee mmoja mvuvi akauliza ujira wa vijana gatini. Kijana akamkata: "Mzee, hayo ni mawazo ya Benki ya Dunia."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, benki hiyo siijui. Mkondo wa Mkanda wamechimba, samaki wamehama. Nakuuliza, mjukuu wangu atakula wapi?"

Lilikuwa swali la uchumi kuliko yote yaliyosemwa jioni ile. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Fidia igawiwe kwa kila mvuvi, au inunue vyombo vya kufika bahari kuu? Na vikinunuliwa viwe vya nani: ushirika, kaunti, au wenye pesa wachache? Kushoto kuna majibu matatu yasiyopatana. Wagombanie hayo, hata mpaka alfajiri.