Ile siti skani ya kabla ya kuunguzwa moyo msiiruke
Makala imeeleza vizuri jinsi wanavyotibu kwa kuunguza ndani ya moyo kwa wenye atriali fibrilesheni (moyo kupiga ovyo bila mpangilio) ila siti skani ya kabla, yaani ile picha ya ndani ya kifua ya eksirei na kompyuta, haijatajwa kabisa jamani. Daktari wa moyo Haïssaguerre na wenzake kule Bordeaux, Ufaransa, walionyesha 1998 kwamba cheche nyingi za umeme zinazoanzisha huo ugonjwa zinaanzia kwenye vena za mapafu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka mapafuni, sasa watu wengi wanazo nne, mbili kila upande, lakini kuna ambao za kushoto zimeungana zikawa mdomo mmoja au kulia kuna ya ziada, na hiyo skani ndiyo inamwonyesha daktari kabla hajaunguza. Mamangu alikutwa nayo hiyo ya ziada, kijembamba kama mrija wa soda, daktari akatuzungushia picha kwenye kompyuta tukaiona wote. Na ukishaunguzwa, ukianza kuishiwa pumzi au kukohoa damu hata miezi baadaye rudi hospitali haraka, vena inaweza kuwa imebana.