Mtu yeyote wa kushika buum

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa filamu kaingia prodyuza na tangazo la kazi. Anataka kameramani mwenye kamera yake, 6K, na lenzi zake, na gimbali. Anataka mtu wa taa mzoefu. Mekapu awe ameshafanya tamthilia. Halafu mwisho kabisa, kama kitu alichokikumbuka anataka kuweka simu mfukoni: "na mtu yeyote wa kushika buum, hata ndugu yako poa tu."

Hata ndugu yako! Buum, ile fimbo ndefu yenye maiki mwishoni ya kunasa maneno ya wasanii. Haya, mama yangu mdogo yupo Tandika, mikono ina nguvu ya kutwanga kisamvu hiyo, nikupe namba?

Mimi wala siyo mtu wa saundi, mimi naediti, na ndiyo maana nina hasira kuliko hata wao. Wao wakimaliza kushuti wanakula wali wao wanaondoka, mzigo unakuja kwangu. Nafungua sini, picha kali, taa imekaa kwenye shavu la dada vizuri mpaka unataka kulia, halafu anafungua mdomo na unachosikia ni jenereta. Jenereta limewekwa nyuma ya ukuta wa jikoni kwa sababu waya ulikuwa mfupi. Waya jamani! Mmekodi kamera ya mamilioni mkashindwa kununua mita za waya mkalipeleka jenereta kwa jirani.

Kuna kitu watu hawataki kukubali: tamthilia zetu zinasikilizwa kuliko zinavyoangaliwa. Nenda saluni yoyote jioni, msusi macho yako kwenye rasta, mteja kainamishwa kichwa anaangalia sakafu, na wote wawili wanajua kwamba mume kaongea na mchepuko. Mama anakata vitunguu jikoni, tivii ipo sebuleni, anafuata kila kitu. Bibi zetu hata miwani hawavai. Picha ikikwama kidogo mtu anavumilia, lakini neno likipotea nyumba nzima inaulizana "kasemaje? kasemaje?" na wakati wanaulizana sentensi nyingine imeshapita. Na tusijifanye wageni wa hili, Tanzania Bara tulikaa bila televisheni mpaka 1994 (Zanzibar walishakuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi, na hawaachi kutukumbusha), tumelelewa na michezo ya redio ya RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, sebule nzima imenyamaza mtu anasikiliza mlango unavyofunguliwa. Watu wenye masikio ya hivyo unawaletea jenereta.

Halafu buum siyo fimbo ya kuangulia maembe. Sauti ina hesabu yake: ukiongeza umbali kati ya mdomo na maiki mara mbili inashuka desibeli 6, kelele ya chumba yenyewe haishuki, inabaki palepale inakucheka. Kwa hiyo yule ndugu yako mkono ukimchoka akasogeza buum nyuma kidogo tu, kaniharibia sini na hakuna aliyeona kwa sababu wote mmekodoa macho kwenye monita. Fundi anayejua kazi anasoma skripti, anajua nani anaongea baada ya nani, anageuza maiki kabla mtu hajafungua mdomo. Anajua kitenge kipya kina wanga, kikigusana na maiki ya kifuani kinakwaruza kila msanii akipumua, na bangili ndiyo usiseme. Anazima friji la mwenye nyumba na kuweka funguo za gari ndani yake, ili asiweze kuondoka bila kulifungua na kukumbuka kuliwasha. Mjanja gani aliyebuni hiyo sijui ila namheshimu. Na kabla watu hawajaanza kukunja waya anaomba wanyamaze kama dakika moja arekodi kimya cha chumba, kile ambacho mimi nakitumia kuziba mapengo kati ya maneno. Hapo ndipo utasikia dairekta anaguna "tunapoteza muda." Dakika moja! Asubuhi tumesubiri msanii aliyekwama foleni ya Mwenge mpaka jua limehama, hiyo haikuwa kupoteza muda.

Haya, najua. Dar ina kelele, kuna bodaboda, kuna fundi wa kuchomelea mageti, kuna adhana, na kuna kunguru, ambao Waingereza waliwaleta Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, sasa wanakula sauti zangu. Bajeti ni ndogo na sini za siku ni nyingi, nakubali. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba programu za kusafisha sauti zimekuwa nzuri, hizi za akili mnemba zinatoa jenereta kabisa. Ila zinaondoka na nyama ya sauti, unabaki na dada anayelia msibani kama anaongea kutoka ndani ya pipa. Kurudia maneno studio? Umpate kwanza huyo msanii, kashanyoa nywele yupo Mwanza kwenye kazi nyingine, na hata ukimpata, kilio cha seti hakirudi mtu akiwa amesimama kwenye kabati la magodoro.

Dawa yake wala siyo hela nyingi. Mtu wa saundi aende mnapokwenda kukagua lokesheni. Basi. Aingie kwenye ile nyumba ya Goba asimame, asikilize, aseme hapa pembeni kuna kiwanda cha matofali. Asikie hilo kabla hamjalipa, siyo asubuhi ya kushuti mbuzi ameshachinjwa. Mikataba na malipo ya miezi mitatu nitaandika siku nyingine, presha yangu hairuhusu.

Na nyie watu wa saundi mna lenu pia. Pikipiki imepita katikati ya sini, dairekta anauliza "saundi vipi?" mnajibu "ipo poa bosi" kwa kuogopa kuonekana wasumbufu. Poa ya wapi? Headifoni mmevaa nyie peke yenu, pale seti nzima haina mtu mwingine anayejua. Semeni turudie, mkinuniwa mnuniwe.

Mimi siku hizi kabla sijataja bei naomba nitumiwe sini moja, mbichi, nisikilize. Nikisikia jenereta naweka mstari wake kwenye ankara, "kelele", na hela yake mbele. Wakipiga simu kuuliza hiyo ni nini nawaambia si mmesema mtu yeyote anaweza, basi mpeni huyo huyo aisafishe.